Tupeane uzoefu: vazi la kosplei (kuvaa kama mhusika wa katuni au filamu) uliloshona mwenyewe, uliharibu wapi?

UziMwekundu (Dar)
Wakuu, salaam. Kila siku tunaona picha za mavazi yaliyokamilika, lakini hakuna anayesema alifumua mara ngapi. Uzi huu ni wa kufumua.

Naanza mimi. Nina cherehani ya miguu niliyoachiwa na bibi. Vazi la kwanza lilikuwa joho jeusi lenye mawingu mekundu, wapenzi wa anime (katuni za Kijapani) mshalijua. Kariakoo nikaona satini inang'aa, bei ya kawaida, nikabeba mita nne. Satini inateleza kama kambale. Unaanza kingo zikiwa sawasawa, ukifika mwisho moja imeipita nyingine vidole vitatu. Nilifumua mpaka kitambaa kikabaki na vitundu vya sindano kama chekeche.

Aliyeniokoa ni fundi mmoja mzee wa barazani hapa mtaani. Alicheka kwanza, akamaliza, ndipo akasema: "Mwanangu, piga bandi, halafu weka karatasi chini." Bandi ni mshono wa mkono wa kushikiza kwa muda. Kisha unashona kitambaa na karatasi kwa pamoja, ukimaliza unaichana karatasi. (Msitumie gazeti. Mimi nilitumia, wino ukahamia kwenye bitana.) Mawingu nayo nilipaswa kuyashona kabla ya kuunganisha vipande. Mimi nilishafunga joho zima, nikabaki nazungusha furushi lote chini ya sindano kwa wingu moja la ukubwa wa sahani.

Mzee mpaka leo anaamini ni joho la kwaya.

SketiDuara (Nairobi)
Hahaha, pole sana ndugu yangu. Yangu ni ya hesabu. Sketi ya duara: kiuno sentimita 72, gawanya kwa 6.28 (pai mara mbili), unapata kama 11.5. Hiyo ndiyo nusu kipenyo ya tundu la katikati. Nikachora vizuri, nikakata. Nilichosahau ni kwamba mshono wa mkanda unakula sentimita 1.5 kuzunguka tundu lote. 11.5 ikawa 13, kiuno cha 72 kikawa karibu 82. Asubuhi ya kwenda NAICCON, tamasha la vibonzo la Nairobi, nilikuwa kwenye matatu nimeshikilia sketi kwa pini tisa, na kila tuta la barabarani ilikuwa sala.

Siku hizi nakata 10. Na kabla ya kugusa kitambaa chenyewe, najaribia kwa shuka kuukuu la soko la mitumba la Gikomba. Jambo lingine: itundike usiku kucha kabla ya kukunja pindo. Pale duara lilipoangukia mshazari wa nyuzi, kitambaa hurefuka chenyewe. Ukikunja siku hiyohiyo, kesho pindo linapanda na kushuka kama mawimbi.

Mpita_Njia
Samahani kwa swali la kijinga, kwa nini msiagize tu mtandaoni?

SketiDuara (Nairobi)
Niliagiza, kaka. Iliandikwa XL. Haikupita nyonga.

Mahameli_Tupu (Mombasa)
Nyie wa satini mna nafuu. Mimi nilishona koti la kifalme, mahameli mekundu. Kitambaa kikakaribia kuisha, nikajifanya mjanja: mkono mmoja nikaukata kichwa chini ili uenee. Ndani, kwa taa, koti safi kabisa. Nikatoka nje kupigwa picha juani: mkono wa kulia mwekundu wa damu, wa kushoto umepauka kama juisi ya rozela iliyozidishwa maji.

Mahameli ina manyoya, na manyoya yamelalia upande mmoja. Pitisha kiganja, utasikia kwenda ni laini, kurudi kunakwaruza. Sasa nyuma ya kila kipande nachora mshale kwa chaki kabla mkasi haujafika. Joto lenyewe sitaki hata kulizungumzia, mahameli na Mombasa havipatani.

KushonaUsiku
Naongezea moja. Mwaka 1939 huko New York, kwenye mkutano wa kwanza wa dunia wa wapenzi wa hadithi za kisayansi, walitokea wawili wamevaa mavazi ya watu wa siku zijazo: Forrest Ackerman na Myrtle R. Douglas. Mavazi yote mawili aliyashona Myrtle. Wengi wanaopenda kosplei wamewahi kusikia jina la Ackerman. La Myrtle je? Kwa hiyo mkipandisha picha, tajeni na fundi, hata kama fundi ni shangazi yako aliyekuwekea zipu tu.

UziMwekundu (Dar)
Zipu! Zangu zote kaweka yule mzee, nakiri hadharani. Mkuu wa mahameli, hilo koti bado lipo?

Mahameli_Tupu (Mombasa)
Lipo. Paka wetu analalia ule mkono uliopauka.