Goti linauma mbele kila nikiendesha baiskeli, nifanyeje?

Kipepeo wa Moro:
Wakuu, habari za jioni. Nimenunua baiskeli ya mtumba yenye gia, naenda nayo kazini kutoka Kihonda hadi mjini. Nikifika goti linauma kwa mbele, kwenye pia, na viganja vimekufa ganzi. Muuzaji alisema siti ikae chini ili nikanyage ardhi kwa miguu yote. Nina urefu wa sm 180. Niiuze nitafute kubwa? Naipenda sana, na nauli imenichosha.

Fundi Spoku:
Usiuze, dada. Goti kuuma mbele mara nyingi ni siti kuwa chini: linakunjwa mno kila mzunguko. Egemea ukuta, kaa kwenye siti, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kulalia upande. Ukija kukanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki na mkunjo mdogo, ndiyo tunaotaka. Kwenye foleni unashuka kwenye siti, unasimama.

Mwendapole:
Kuna na hesabu. Simama peku ukutani, bana kitabu kigumu mapajani kiguse msamba, pima toka sakafuni hadi ukingo wake wa juu. Zidisha kwa 0.883. Jibu ni umbali kutoka katikati ya ekseli ya mikono ya pedeli hadi juu ya siti. Hapo ni pa kuanzia tu. Panda nusu sentimita kila mara, goti lizoee. Likianza kuuma kwa nyuma, umepitiliza.

Kipepeo wa Moro:
Nimepata 84, kwa hiyo siti iwe kama 74. Ilikuwa 66! Ila nikivuta bomba la siti hadi 71, mstari uliochongwa unatokea nje. Niendelee kuvuta?

Fundi Spoku:
Hapana! Huo mstari lazima uzame ndani ya fremu. Ukiupita, bomba litapinda au fremu ipasuke ukiwa barabarani. Tafuta bomba refu la kipenyo kilekile. Chomoa la sasa uangalie, mara nyingi namba imegongwa: 25.4, 27.2 na kadhalika. Tofauti ya milimita 0.2 tu, linacheza au haliingii kabisa. Nenda nalo dukani mkononi, na jipya ulipake grisi lisije kugandia ndani.

Mama Jose:
Mwanangu, ganzi usiiache. Siti ikiinamia mbele unateleza na uzito wote unahamia mikononi. Weka pimamaji juu yake, ilale sawa. Bado ganzi? Inua usukani. Kama shina lake limezama ndani ya fremu, legeza bolti ya juu mizunguko michache bila kuitoa, weka kipande cha mbao juu yake, gonga kwa nyundo kabari ya ndani iachie. Nalo lina mstari wake, usiupite. Ukishakaza, bana tairi la mbele kwa magoti, jaribu kupindisha usukani. Ukicheza, kaza tena kabla hujapanda.