Naenda Chester siku moja, nianzie wapi?

ChudaMjini: Habarini wakuu. Mwezi ujao naenda kwa dada Manchester, nimepata siku moja ya kwenda Chester kuona mambo ya Warumi, nayapenda sana mambo ya kale. Waliofika huko, nianzie wapi? Na viingilio vikoje, maana paundi haishikiki.

BahariYetu: Anza na ukuta wa kale unaozunguka mji. Panda juu uzunguke mji mzima, kama kilomita 3 hivi na hulipi hata senti. Warumi walijenga ngome ya jeshi pale miaka ya 70 baada ya Kristo, waliokuja baadaye wakaendelea kuujenga ukuta wake na kuurefusha, kwa hiyo unatembea juu ya zama mbili. Ukuta wa kaskazini usiupite haraka, karne ya 19 walipokuwa wanaukarabati wakakuta ndani mawe ya makaburi ya Warumi yamejengewa kama tofali tu! Sasa yako Grosvenor Museum, kuna mama mmoja kachongwa amejilaza kwenye kochi kikombe mkononi, nilisimama hapo mpaka wenzangu wakaniacha. Uwanja wa maonyesho wa Warumi (amphitheatre) nao upite, nusu tu ndio imefukuliwa, nyingine ipo chini ya majengo.

MamaNahla: Na Rows jamani! Ni vibaraza vyenye paa vinapita ghorofa ya kwanza juu ya maduka, vipo tangu karne ya 13, mvua inanyesha wewe unatembea mkavu. Ila zile nyumba nyeusi na nyeupe usidhani zote za kale, nyingi zimejengwa karne ya 19.

MzeeWaPongwe: Mwanangu safari njema, ila kabla hujapanda ndege ushafika Tongoni, hapa kwetu Tanga? Msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, pwani yote ya Afrika Mashariki hukuti sehemu yenye nguzo nyingi kama pale. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, tazama vizuri utaona vishimo vya duara walimopachika bakuli za kauri kutoka ng'ambo. Nguzo nyingi zimeshaanguka na inaniuma, watu wa hapahapa Tanga hawaendi. Ukishaona wazee wetu walivyowaenzi wafu wao, hata yale mawe ya Warumi utayatazama kwa jicho jingine.

ChudaMjini: Shikamoo mzee, sijafika kweli. Jumapili naenda. Napanda gari gani?

MzeeWaPongwe: Marahaba. Panda la Pangani kwa njia ya pwani, mwambie konda akushushe Tongoni. Nenda asubuhi, jua la pale halina huruma.