Naomba ushauri: tustaafie Tanga au tubaki Kenya?

Ndugu zangu, mimi na mume wangu tunakaribia kustaafu ualimu hapa Nairobi, na kwa kuwa baridi ya Julai humshika magotini hadi kushuka ngazi za nyumba yetu asubuhi kumekuwa kazi, tunafikiria kuhamia Tanga, ambako joto la pwani litamfaa na lugha haitatusumbua.

Linalonitia shaka zaidi ni makazi. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo kile kiwanja chenye minazi tulichoonyeshwa na dalali, aliyetushauri tukiandikishe kwa jina la mwenyeji, mimi sikitaki hata kwa bei ya kutupa (mume wangu bado anakitamani). Je, kupanga nyumba kwa muda mrefu kunatosha, na mkataba wa namna hiyo uandikwe vipi ili mwenye nyumba asitupandishie kodi kila anapojisikia?

Kisha kuna kibali cha ukaazi, kwa sababu pasipoti ya Kenya hutuvusha mpaka wa Horohoro bila viza lakini haitupi haki ya kuishi huko moja kwa moja. Aliyewahi kukiomba akiwa mstaafu tafadhali anieleze alipitia njia gani. Ningependa pia kuwasikia waliochagua Kilifi au Malindi, wakabaki na bima yao ya afya ya nyumbani, na wanavyoishi kwa pensheni peke yake.