Naomba ushauri: DVD draivu ya nje inakatika wakati wa kuchoma

Wakuu, habari zenu. Nina DVD draivu ya nje, ile nyembamba ya USB isiyo na adapta yake. Kwenye laptopu ya Windows 10 inasoma CD bila shida, na DVD za harusi zinacheza vizuri kwa VLC. Shida ni kuchoma, yaani kuandika kwenye diski tupu: ikipanda kasi ya 8x inalia tik-tik, taa inazima, draivu inapotea kwenye kompyuta na diski ndiyo imeshaharibika.

Nahisi ni umeme. Tundu la USB 2.0 limepangiwa umeme wa miliampea (mA) 500, la 3.0 mA 900, na draivu za aina hii huweza kuvuta zaidi ya hapo mota inapoanza kuzunguka au leza inapoandika. Nimeondoa habu (kigawanyio cha matundu ya USB) na waya mrefu, nikachomeka moja kwa moja. Nikishusha hadi 4x inamaliza, ila si kila mara.

Ninunue waya wa Y wenye vichwa viwili vya USB, au habu yenye adapta yake? Nyuma kuna kitundu cha DC 5V pia, lakini alama ya chanya na hasi imefutika. Naipimaje kwa mita kabla sijaunguza bodi?