Tupeane uzoefu: nyasi zinazobonyea ukizikanyaga na uwanja wenye mabonde

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba hapa tukusanye uzoefu wa waliowahi kuhangaika na uwanja wa nyasi unaobonyea, ukitembea unahisi uko juu ya godoro. Nataka kumsikia aliyeshika reki mwenyewe: chini ulikuta nini, na ulifanyaje?

Naanza mimi. Wangu ni ukoka wa miaka mingi, kwa mbali kijani safi. Shida ilikuwa wakati wa kukata. Magurudumu ya mashine yanazama, kisu kinakwangua mpaka mashina makavu, na hatua moja pembeni majani yanabaki marefu. Nikachukua kisu, nikakata kipande cha pembetatu mpaka kwenye udongo, nikakitoa. Juu majani mabichi, chini udongo, na katikati tabaka la kahawia la mashina na mizizi mikavu iliyosukana, nene kupita vidole viwili. Tabaka hilo likiwa la sentimita moja hivi halina neno, tena linasaidia kutunza unyevu. Likizidi sana, maji yanaishia humo, mizizi nayo inajaa humo badala ya kushuka ardhini, na jua likikaza siku chache nyasi zinanyauka.

Nilisubiri msimu ambao nyasi zinakua kwa kasi. Nikazishusha urefu kidogo kidogo, kisha nikavuta reki ya chuma kwa nguvu, kwanza urefu wa uwanja, halafu kuukata upana. Lundo lililotoka lilinishangaza. Baada ya hapo nikatoboa ardhi kwa uma wa bustani, nikamwaga mboji iliyochekechwa juu kwa wepesi, nikamwagilia. Kwa wiki kadhaa uwanja ulikuwa unatia huruma, ila ukoka unatambaa, ukafunga wenyewe. Sasa mguu haubonyei tena.

Jembe la Asubuhi:
Mkuu, hapo umetibu. Sasa angalia chanzo, la sivyo litarudi. Kwangu ilikuwa mbolea ya naitrojeni kila mara, na maji kidogo kidogo kila siku. Nyasi zinazalisha mashina kuliko vijidudu vya udongo vinavyoweza kuyaozesha. Nilipunguza mbolea, na nikawa namwagilia mara chache lakini kwa kina. Na tusiyasingizie majani yanayodondoka wakati wa kukata. Yale ni laini, sehemu kubwa ni maji, yanaoza upesi. Kinachojazana ni mashina na mizizi.

Mama Ukoka:
Jamani, msivute reki kabla ya kuchungulia. Zangu zilikuwa zinabonyea hivyohivyo, na ndege walikuwa wanachokonoa kila asubuhi. Nilipozishika na kuvuta, zikanyanyuka bila ubishi, mizizi hakuna! Chini kulikuwa na mabuu ya mbawakawa, meupe, yamejikunja, kichwa cha kahawia. Hayo ndiyo yanayokula mizizi. Ningevuta reki ningeng'oa uwanja mzima. Nilishughulika kwanza na wadudu, nyasi nikaja kuzipandikiza baadaye pale palipobaki wazi.

Kijani Tupu:
Mimi langu ni mabonde tu, halibonyei. Nipitishe roli zito, lile pipa la kuviringisha, kusawazisha?

Jembe la Asubuhi:
Hapana ndugu yangu. Roli linashindilia udongo, hewa na maji havipiti, na mabonde makubwa yanabaki palepale. Bonde la kina kidogo lijaze kwa awamu: sambaza udongo uliochanganywa na mboji, usizidi sentimita moja, usugue kwa mgongo wa reki mpaka ncha za majani zionekane. Zikishapanda, rudia. Ukizifukia kabisa zinaoza. Tumia udongo unaofanana na ulio chini. Kama kwako ni mfinyanzi, usimwage mchanga mtupu juu yake, maana utajenga tabaka mbili zisizoelewana na maji yatasimama katikati.

Kwa bonde la kina, chora herufi H kwa beleshi, funua nyasi pande mbili pamoja na mizizi yake, jaza udongo, shindilia kwa kiganja, rudisha nyasi, mwagilia mpaka zishike. Kama ni kilima, ni hivyohivyo, ila unapunguza udongo.

Beleshi:
Naongeza moja. Kwangu sehemu moja ilikuwa inajazwa na kuzama tena, kila mwaka. Nilipochimba nikakuta kisiki cha mti wa zamani kinaoza. Udongo wote niliokuwa naweka ulikuwa unadidimia kwenye nafasi kinayoiacha. Nikakitoa vipande vipande, nikajaza kwa tabaka huku nikishindilia, na pametulia.

Na palipo laini na pabichi hata wakati wa ukame, wakati kwingine kote pamekauka, kagua bomba lililopita chini kabla ya kununua mbolea yoyote.

Kijani Tupu:
Asanteni sana. Kesho nakata kipande na kupima, majibu nitayaleta hapa na picha.