Tupeane uzoefu: kudai makato kwenye ritani ya KRA ili urudishiwe kodi iliyozidi

Karani wa Mishahara

Wadau, ritani (taarifa ya kodi ya mwaka unayopeleka KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya) ya mwaka 2025 mwisho wake ni 30 Juni 2026. Uzi huu ni wa walioajiriwa Kenya wanaokatwa PAYE (kodi ya mshahara anayokata mwajiri). Mwenye ujuzi aweke anachokijua: makato gani, karatasi gani inahitajika, inaingia wapi kwenye iTax (mfumo wa mtandaoni wa KRA), na hukwama wapi. Hadithi za foleni tuziache, tunataka tarakimu.

Naanza na msingi, maana hapa ndipo watu huchanganya. Kuna makato na kuna nafuu. Makato hupunguza mapato kabla kodi haijapigwa: pensheni, riba ya mkopo wa nyumba na, tangu 27 Desemba 2024, SHIF (mchango wa bima ya afya ya jamii, 2.75% ya mshahara) na tozo ya nyumba (1.5%). Nafuu hupunguza kodi yenyewe: ile ya kila mkazi, 28,800 kwa mwaka, na ya bima.

Tofauti si ndogo. Madaraja ya mwaka ni 288,000 za kwanza kwa 10%, 100,000 zinazofuata kwa 25%, kisha 30% hadi ufike milioni 6, na juu ya hapo 32.5% na 35%. Aliye kwenye daraja la 30% akipata makato ya 100,000, kodi yake inashuka kwa 30,000. Akilipa bima ya 100,000, anapata 15,000 tu, sawa na mwenye mshahara mdogo.

Kingine: unarudishiwa kile ambacho mwajiri hakukihesabu. Riba ikishaonekana kwenye P9 (fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi yako ya mwaka), PAYE yako ilishapunguzwa kila mwezi. Bado utaiandika kwenye ritani ili hesabu ifunge, lakini usingoje pesa mara ya pili.

Mama Hesabu

Riba ya mkopo wa nyumba ndiyo dai nono kuliko yote, na ndilo linalokosewa zaidi.

Kikomo ni 360,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa mwezi. Kabla ya 27 Desemba 2024 kilikuwa 300,000. Nyumba iwe moja na uwe unaishi humo mwenyewe. Ukiipangisha, dai hili limekufa. Mkopo uwe wa taasisi ya fedha inayotambuliwa na sheria, si wa binamu wala wa chama cha mtaani. Zamani ulikuwa mkopo wa kununua au kukarabati tu. Tangu 1 Julai 2025 riba ya mkopo wa kujenga nayo imekubaliwa. Kununua ploti tupu, hapana.

Karatasi: omba benki taarifa ya mkopo ya 1 Januari hadi 31 Desemba inayotenganisha riba na deni lenyewe. Watu wengi huchukua jumla ya marejesho ya mwezi, wakazidisha kwa 12, wakaijaza. Hiyo si riba. Mtu anayelipa 45,000 kwa mwezi, riba ikiwa 31,000 na 14,000 zikipunguza deni, amelipa riba ya 372,000. Anadai 360,000, basi. Kwa daraja la 30% hiyo ni kodi ya 108,000.

Kwenye ritani utaulizwa PIN ya benki (namba yake ya mlipa kodi, si ile ya siri ya kadi), jina lake, namba ya akaunti ya mkopo, deni lililobaki mwisho wa mwaka na riba uliyolipa. PIN ya benki wengi hawanayo mkononi, kwa hiyo iombe pamoja na taarifa. Na iwe taarifa ya akaunti ya mkopo, si ile ya akaunti unayopokelea mshahara.

Dada wa Bima

Nafuu ya bima ni 15% ya ada uliyolipa, isizidi 60,000 kwa mwaka. Ukipiga hesabu kinyumenyume, ada ikifika 400,000 umegonga dari.

Inayokubalika: bima ya maisha, bima ya afya, na bima ya elimu ambayo muda wake hadi kuiva haupungui miaka 10. Ya gari, ya nyumba, ya moto: hazimo. Sera (mkataba wa bima) iwe yako, ya mwenzi wako au ya mtoto wako.

Kila Januari idai kampuni yako ya bima cheti cha ada kwa ajili ya kodi. Kikifika, kikague kabla ya kukifungulia kompyuta. Kiwe na PIN ya kampuni, namba ya sera, aina ya sera, tarehe ya kuanza na ya kuiva, kiasi cha bima na ada iliyolipwa ndani ya mwaka huo. Mambo hayo yote fomu inayauliza, na ukikosea tarehe ya kuiva ya sera ya elimu, fomu itaona haifiki miaka 10 na kukukatalia.

Angalia "iliyolipwa", si "iliyotakiwa kulipwa". Sera ya 8,000 kwa mwezi iliyolala miezi mitatu ni 72,000, nafuu yake 10,800, si 14,400.

Tahadhari ambayo mawakala hawaisemi wanapouza: ukivunja sera kabla haijaiva, sheria inaitaka kampuni ikate nafuu yote uliyokwisha kupata kutoka kwenye pesa unazorudishiwa, izipeleke KRA. Kwa hiyo usinunue bima kwa sababu ya 15% peke yake.

Ngurumo_Nakuru

Dada, na SHIF nayo naiweka hapo kwenye nafuu ya bima?

Dada wa Bima

Hapana ndugu. NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, ndiyo ilikuwa nafuu ya bima. SHIF kwa mwaka 2025 ni makato, inatoka kwenye mapato, na kwa kawaida P9 tayari imeionyesha. Ukiiweka sehemu zote mbili, umeidai mara mbili. Tozo ya nyumba vivyo hivyo: ile nafuu yake ya 15% ya mwaka 2024 ilishafutwa.

Karani wa Mishahara

Pensheni sasa. Kinachokubaliwa ni kidogo kuliko vyote kati ya hivi vitatu: kiasi ulichochanga kweli, 30% ya mshahara unaohesabiwa pensheni, na 30,000 kwa mwezi (360,000 kwa mwaka). NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) imo humo humo. Kuanzia Februari hadi Desemba 2025, anayefika dari ya NSSF alikatwa 4,320 kwa mwezi, kwa hiyo alibaki na nafasi ya 25,680. Akiijaza kwenye mpango binafsi wa pensheni uliosajiliwa, kodi inapungua 7,704 kila mwezi kwa daraja la 30%. Ila ili kufika 30,000 kamili, mshahara huo unaohesabiwa uwe angalau 100,000.

Wanaochangia mpango binafsi kwa M-Pesa au benki moja kwa moja ndio wenye marejesho ya kodi, maana mwajiri hakuona kitu. Omba msimamizi wa mpango taarifa ya michango ya mwaka.

Kosa kubwa sasa. P9 ina safu ya "Total Gross Pay" na safu ya "Chargeable Pay". Kwenye karatasi ya mapato ya ajira unajaza ile ya kwanza, mshahara kabla ya makato. Makato unayaweka mbele, kwenye ukurasa wa hesabu ya kodi. Mtu akijaza "Chargeable Pay" halafu akaweka pensheni tena, mfumo unamwonyesha marejesho matamu ya 50,000 au 60,000. Afisa akiomba P9, yanayeyuka. Ukiona umepata marejesho na hujui yametoka kwenye dai gani, rudi ukague mstari huu kwanza.

Ngurumo_Nakuru

Na aliyefanya kazi nusu mwaka tu, hana nyumba wala bima, anaambulia chochote?

Mama Hesabu

Tena huyo ndiye asiyejua kwamba ana pesa KRA. PAYE hupigwa mwezi kwa mwezi kana kwamba utalipwa hivyo mwaka mzima. Ritani inapiga hesabu ya mwaka.

Chukua mapato yanayotozwa kodi ya 60,000 kwa mwezi, miezi sita. Kila mwezi: 24,000 kwa 10% ni 2,400, 8,333 kwa 25% ni 2,083, 27,667 kwa 30% ni 8,300. Jumla 12,783, toa nafuu ya 2,400, imebaki 10,383. Mara sita ni kama 62,300.

Kwa mwaka: jumla 360,000. Za kwanza 288,000 kwa 10% ni 28,800. 72,000 zilizobaki kwa 25% ni 18,000. Kodi 46,800. Hata ukiiacha nafuu kama ilivyo kwenye P9 ya miezi sita, yaani 14,400, kodi ni 32,400. Tofauti ni kama 29,900, na hajadai makato mapya hata moja.

Kinyume chake ni aliyehama kazi katikati ya mwaka. Ana P9 mbili, na zote ziingie. Akiweka moja tu, mfumo utamwonyesha marejesho ya uongo. Na kama alikuwa na waajiri wawili kwa wakati mmoja, wote wakampa nafuu ya 2,400, basi ritani itamdai. Nafuu ya kila mkazi ni moja, hata uwe na kazi tatu.

Fundi Excel

Upande wa fomu. Ukipakua ile ya Excel, washa makro (programu ndogo zilizo ndani ya faili), la sivyo vitufe havifanyi kazi. Weka kompyuta kwenye mpangilio wa tarehe wa Uingereza, siku/mwezi/mwaka. Ukiiacha kwa mpangilio wa Marekani, tarehe za bima zinakataliwa na ujumbe wa kosa haukuambii kwa nini. Simu isahau.

Ukurasa wa kwanza una maswali ya "Yes" na "No": una sera ya bima, una mkopo wa nyumba, una cheti cha msamaha kwa ulemavu. Ukijibu "No", karatasi ya dai hilo haifunguki kabisa, nawe utazunguka fomu nzima ukiitafuta. Hapo hapo jaza akaunti ya benki. Iwe kwa jina lako, lile lililo kwenye PIN. Akaunti ya mke au ya biashara italeta kesi.

Karatasi ya PAYE inataka PIN ya mwajiri na kodi aliyokata. Linganisha na kile KRA inacho. P9 ikisema 180,000 na mfumo ukaonyesha 150,000, tatizo liko kwa mwajiri: hakupeleka, au alipeleka kwa PIN iliyokosewa herufi. Wewe huwezi kulirekebisha. Mwajiri ndiye anayesahihisha ritani yake ya PAYE ya miezi husika. Mwandikie barua pepe ukitaja miezi yenyewe, usimwambie tu "PAYE yangu haionekani".

Mwisho "Validate", faili la zip litatoka, lipakie.

Mzee wa Ushuru

Nyongeza kwa wenye kazi za pembeni. Malipo ya kazi ya ushauri yaliyokatwa kodi ya zuio ya 5% (ile mteja huikata kabla ya kukulipa): hakikisha cheti kimo kwenye iTax yako, tangaza malipo yote kabla ya kukatwa, kisha dai ile 5%. Kudai cheti bila kutangaza mapato yake ni kujichongea. Ila riba ya akiba benki (15%) na gawio (5%) ni kodi ya mwisho. Zile hazirudi, msizihangaikie.

Wenye ulemavu: mapato hadi 150,000 kwa mwezi hayatozwi kodi, lakini lazima cheti cha msamaha cha KRA kiwepo na kiwe hai. Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu peke yake haitoshi. Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Andikeni tarehe ya cheti kuisha mahali mnapoiona kila siku, maana kikilala, mwajiri ataanza kukata mara moja.

Sasa kupata pesa zenyewe. Ukurasa wa hesabu ya kodi ukiisha kwa tarakimu hasi, hilo bado si ombi. Wengi hupeleka ritani wakakaa wakisubiri. Ingia tena iTax, menyu ya "Refunds", chagua kodi ya mapato na mwaka husika, peleka ombi, weka risiti. Ambatisha P9, cheti cha bima na taarifa ya mkopo hata kabla hujaombwa. Muda wa KRA kuamua ni siku 120 tangu Sheria ya Fedha ya 2025. Zamani zilikuwa 90. Wakiamua kukagua, muda unarefuka.

Kabla ya kuomba, safisha daftari lako. Mwaka ambao hukupeleka ritani una adhabu ya 2,000 au 5% ya kodi, iliyo kubwa zaidi, na deni lolote linalipwa kwanza kutoka kwenye marejesho yako.

Ngurumo_Nakuru

Mzee, riba ya mwaka 2023 ambayo haikudaiwa imekwenda na maji?

Mzee wa Ushuru

La. Ritani inasahihishwa ndani ya miaka mitano, na ombi la kodi ya mapato iliyozidi nalo lina miaka mitano tangu ilipolipwa. Ila vikomo ni vya mwaka ule: kwa 2023 riba ni 300,000 na pensheni 240,000. Sahihisha ritani kwanza, subiri ikubaliwe, ndipo upeleke ombi.

Karani wa Mishahara

Na kwa mwaka huu unaoendelea: tangu 1 Julai 2025 sheria inamtaka mwajiri atumie makato, nafuu na misamaha yote unayostahili anapopiga PAYE. Mpelekee mtu wa mishahara nakala ya cheti cha bima na taarifa ya mkopo kabla hajafunga mishahara ya mwezi, kwa barua pepe ili tarehe ionekane. Akikupuuza, barua pepe hiyo iambatishe kwenye ombi lako la Juni.