Transfoma ya VA 1000 yafungwa fyuzi ya ampea 20, inaungua, kisha mteja ndiye anayelaumiwa!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, lakini nitaweka hesabu mezani, kwa kuwa hesabu ndiyo ambayo muuzaji aliyeniuzia transfoma hii amekataa katakata kuizungumzia.

Karakana yetu ya ushonaji inatumia mashine ya kudarizi ya mtumba kutoka Marekani, ya volti 120, na kwa ajili hiyo tulinunua transfoma ya njia moja ya kushusha umeme kutoka volti 230 hadi 120, yenye uwezo wa VA 1000 (VA ni volti mara ampea) kwa mujibu wa kibao chake. Ina soketi mbili za Kimarekani. Juzi vijana wakachomeka pasi mbili za mvuke, kila moja ya wati 1500, huku mashine ikiendelea kufanya kazi. Moshi ukatoka, koili zikaungua, na fyuzi ikabaki nzima kabisa. Nilipoirudisha dukani niliambiwa kwamba tumezidisha mzigo, kwa hiyo dhamana haipo.

Ni kweli mzigo ulizidi, na hakuna anayebisha. Ninachouliza ni hiki: kama fyuzi haikatiki mzigo unapozidi kiasi hicho, iliwekwa ndani ya sanduku lile kufanya kazi gani?

Nilifungua sanduku nikakuta fyuzi ya kioo ya ampea 20 upande wa kuingizia umeme. Gawanya 1000 kwa 230, utapata ampea 4.35, na huo ndio mkondo wote ambao transfoma hii inastahili kuuvuta ikiwa imebeba mzigo wake kamili. Siku ya tukio mzigo ulikuwa takriban wati 3300, yaani kama ampea 14.3 upande huohuo, ambazo kwa fyuzi ya 20 ni mzigo wa kawaida kabisa. Kwa koili hali ni tofauti, kwa sababu joto la waya hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo. Mkondo ukiwa mara 3.3 ya ule uliokusudiwa, joto linalozalishwa ndani ya koili linakuwa zaidi ya mara kumi. Hakuna vanishi ya waya, yaani ule utando unaouzuia usigusane na mwingine, itakayovumilia hali hiyo kwa muda mrefu.

Tena plagi ya transfoma yenyewe ni ile ya pini tatu tuliyoizoea, yenye fyuzi ya ampea 13 ndani yake. Maana yake ni kwamba kwa mzigo uliozidi, fyuzi ya plagi ingekatika muda mrefu kabla ya ile ya 20 kuanza hata kupata joto. Fyuzi ya ndani ilikuwa pambo. Na hiyo ya plagi msiitegemee kwa transfoma ndogo: ampea 13 ni karibu VA 3000, na inaweza kubeba kiasi kinachozidi 13 kidogo kwa muda mrefu bila kukatika. Iko pale kulinda waya wa plagi.

Nilipombana fundi wa duka, jibu lake ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Alisema walikuwa wakiweka fyuzi za ampea 5, lakini wateja walirudi wakilalamika kwamba zinakatika wakati wa kuwasha, wakapandisha hadi 10, kisha 20, na malalamiko yakaisha. Hawakujiuliza kwa nini fyuzi ilikuwa ikikatika transfoma ikiwa haijabeba mzigo wowote.

Transfoma inapowashwa, chuma chake cha ndani kinaweza kujaa usumaku kupita kiasi, na kwa mizunguko michache ya umeme ikavuta mkondo wa mara kumi hadi kumi na tano ya ule wa kawaida, na zile za umbo la duara huweza kuzidi hapo. Ukubwa wa mkondo huo hutegemea umewasha wimbi la umeme likiwa wapi na usumaku gani ulibaki kwenye chuma ulipozima mara ya mwisho. Ndiyo maana leo fyuzi inakatika, kesho haikatiki, na fundi asiyejua sababu anadhani amenunua fyuzi mbovu. Tatizo halikuwa ampea 5, bali aina ya fyuzi. Kwenye kifuniko cha fyuzi hizi za kioo za milimita 5 kwa 20 huandikwa herufi: F ni ya kukatika haraka, T ni ya kuchelewa. Ukiipitishia mkondo wa mara kumi ya kiwango chake, F ya kawaida hukatika ndani ya milisekunde 20, ilhali T ya kioo ya ukubwa huu hutakiwa ivumilie angalau milisekunde hizo 20. Lakini T hiyohiyo, ikipata mara 2.75 ya kiwango chake, haipaswi kuzidi sekunde 10. Kwa ampea 14.3 zetu, T ya ampea 5 ingekatika kabla kijana hajamaliza kunyoosha kola moja.

Kanuni za umeme za Marekani, kwa transfoma ya mkondo kama huu inayolindwa upande wa kuingizia peke yake, zinaruhusu hadi asilimia 167, yaani kama ampea 7.3. Hawa wameweka asilimia 460.

Nakiri kwamba T ya 5 haiwezi kukamata kila kitu. Mzigo uliozidi kwa nusu tu inaweza kuuvumilia saa nzima, na ndiyo sababu watengenezaji makini huzika kikata-joto (kifaa kinachokata umeme koili ikipata joto kupita kiasi) ndani ya koili na kuweka fyuzi nyingine upande wa kutolea, ambako mkondo kamili ni ampea 8.3. Kwenye sanduku letu hakukuwa na chochote kati ya hivyo. Hata kioo chenyewe kina walakini: fyuzi ya alama L imehakikishwa kuzima shoti ya ampea 35 au mara kumi ya kiwango chake, lolote lililo kubwa, wakati shoti kwenye soketi ya nyumbani inaweza kufika mamia ya ampea. Ile ya alama H, ambayo kwa kawaida huwa ya kauri, inahimili 1500. Tofauti ya bei ni ndogo mno kulinganisha na bei ya transfoma.

Namtaka muuzaji arudishe fedha au aisuke upya transfoma kwa gharama yake, afunge T ya kauri ya ampea 5 au 6.3, na aandike kiwango na herufi hiyo nje ya sanduku ili anayebadilisha asibahatishe. Wenye transfoma za aina hii, chomoeni plagi, fungueni mahali pa fyuzi na mtuandikie hapa mmekuta namba gani na herufi gani, pamoja na VA za kibao.